Uloto wa kaka, mwaka wa tatu: maoni yangu ya huduma nzima, kuanzia wakala mpaka kliniki ya nyumbani

Watu wengi wanaandika maoni wiki ile ile waliyotoka hospitali, bado wana ile furaha ya kuwa hai, basi nyota tano kila mahali, nesi mpole, chumba kisafi, Mungu awabariki. Mi nilipandikizwa uloto wa kaka yangu, nimekaa kimya miaka mitatu makusudi. Nauza vitenge Kariakoo na kitu kimoja nnachokijua ni kwamba kitenge huwezi kujua kama kinachuja mpaka kifuliwe, dukani vyote vinang'aa. Sasa mi nimeshafuliwa vya kutosha, ngoja niseme rangi iliyobaki.

Kwa ufupi ili tuelewane. Mwanzoni mwa 2022 nikiwa na miaka 29 niliingia siku zangu zikawa haziishi, siku kumi na sita, nabadilisha pedi kila saa, miguuni madoa mekundu madogo madogo kama nimeng'atwa na siafu, nikipanda ngazi kwenda stoo moyo unadunda kama nimekimbizwa. Duka la dawa wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikavimeza mwezi mzima havijasaidia chochote, vingesaidiaje na kiwanda chenyewe kimefungwa. FBP, kile kipimo cha damu nzima, ikaja damu 4.6, plateleti (zile chembe za kugandisha damu) 7,000 wakati mtu mzima anatakiwa aanzie 150,000, na zile chembe nyeupe za kupambana na vijidudu 200 tu. Wakanitoboa mfupa wa nyonga wakaangalia ndani, karibu kote mafuta matupu. Aplastiki anemia, ile kali. Dokta akasema askari wa mwili wangu mwenyewe ndo wamegeuka wanawapiga mafundi wanaotengeneza damu, na kwa watu wengi sababu haipatikani kwa hiyo nisipoteze muda kumtafuta mchawi. (Mama alikua ameshaanza kumtafuta, hiyo stori siku nyingine.)

Uloto, wengine wanaita uboho, ni ule ute wa ndani ya mfupa unaozalisha damu. Ukikauka njia kubwa ni mbili, upandikizwe wa ndugu anayelingana na wewe au upewe dawa za kuwatuliza hao askari. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Sisi tuko wanne, wakapimwa watatu, kaka yangu wa pili akalingana. Bahati, maana dada yangu aliyenifuata tunafanana mpaka watu wanatuchanganya sokoni na yeye hata hakukaribia, sura haihusiani kabisa na hayo mambo.

Sasa tuanze na wakala wa matibabu, nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya kujibu meseji usiku. Simtaji jina wala ofisi. Huyu bwana alituuzia siku mia moja. Kila swali jibu lake ni siku mia moja, unakaa siku mia moja unarudi umepona kabisa unaendelea na biashara, mama alikua anazihesabu kwenye kalenda ya ukutani anaweka alama ya kalamu. Jumla kila kitu, tiketi, nyumba, chakula, dawa na hospitali, tulitumia zaidi ya milioni 70, kiwanja cha baba kikaenda, michango ya msikiti na ya wenzangu wa mtaa wa vitenge ikaingia, na katika hela yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia mwaka wa pili unakuaje. Sisi nasi hatukuuliza, nani anauliza mwaka wa pili wakati plateleti ni 7,000.

Siku mia moja ni kweli ipo, sio ya kutunga. Ndo kipindi cha hatari kubwa zaidi, mbegu za uloto mpya kugoma kushika, maambukizi, mgeni (huo uloto wa ndugu) kuanza kumshambulia mwenye nyumba (mwili wako), kwa hiyo hospitali wanataka uwe karibu nao. Ila siku ya mia ndo unaruhusiwa kwenda nyumbani kuanza kupona, na yeye aliiuza kama ndo siku ya kumaliza.

Hospitali yenyewe, Chennai, kusini mwa India, nyota nne na nusu. Naandika hivo bila kusita. Wanajua kazi. Chumba cha peke yako chenye hewa ya kuchujwa, kila anayeingia ananawa mpaka kiwiko, chakula kinaletwa kimefunikwa kinatoa moshi. Wakanipa dawa kali siku nne za kufyeka kilichobaki pamoja na zile za kutuliza askari, nywele zikaanza kudondoka kwenye mto. Mwenye ugonjwa wangu na ndugu anayelingana kwa kawaida hapigwi mionzi ya mwili mzima, na hilo utalishukuru baadae maana mionzi ndo inayoleta mambo mengi ya uzeeni.

Siku ya kupandikizwa, ambayo ukoo mzima Dar umefunga na kuomba, ilikua ni mfuko. Mi nilijua nitapasuliwa! Mfuko mwekundu mzito kidogo kuliko damu ya kawaida, unaning'inizwa kwenye chuma unashuka kwa mrija wa kifuani masaa kama manne, nesi anapima presha anaandika anaondoka. Basi. Zile mbegu zinajua njia zenyewe, zinazunguka kwenye damu mpaka zinaingia kwenye mifupa. Mwenye shughuli siku hiyo alikua kaka, alilazwa usingizi wakamtoboa nyonga kwa nyuma kushoto na kulia mara nyingi wakachota, siku nne anatembea kama mzee aliyedondoka na baiskeli, wiki ya pili yuko madukani anatafuta bei za simu. Siku ya 19 chembe nyeupe zikavuka 500, nesi akapiga makofi mlangoni, mi nikalala.

Nusu nyota niliyokata ni ya karatasi ya kuruhusiwa. Kurasa sita. Kurasa tano na nusu ni nilichofanyiwa, nusu ukurasa ndo nitakachofanya. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu mbu na malaria, mtu anarudi Dar! Hakuna ratiba ya chanjo, hakuna neno kuhusu madini ya chuma, hakuna "ukiona hivi piga simu". Kuna "lishe nyepesi" na "fuatilia kwa dokta wako wa nyumbani", dokta gani sasa, nilikua sina.

Kurudi nyumbani ndo huduma yenyewe ilipoanza na hapa nitakaa sana.

Kwanza uchovu. Naomba wanaosubiri kupandikizwa mnielewe, damu yangu ilifika 11 mwezi wa nne toka kupandikizwa nikadhani sasa nguvu inarudi kesho. Haikurudi. Ni uchovu ambao hauko kwenye damu wala kwenye usingizi, naoga nakaa kitandani na taulo nusu saa, nachambua mchele nalala kabla sijamaliza sahani. Shemeji akanilaumu kidogo kidogo, "si wamesema umepona". Mwezi wa sita nikaanza kwenda dukani masaa mawili asubuhi kabla watu hawajajaa, na barakoa, nakaa kwenye kigoda kile cha plastiki naelekeza tu. Siku nzima ya kazi niliiweza mwezi wa 14. Mwezi wa 14 jamani, sio siku ya mia. Na mi nasema hivo kama mtu ambaye mambo yake yalienda vizuri.

Pili saiklosporini. Hii ndo dawa inayomzuia mgeni asimpige mwenye nyumba, kapsuli kubwa laini, ukifungua karatasi yake inatoka harufu ambayo sijui niifananishe na nini, kama pombe imemwagikiwa na mpira. Asubuhi saa moja, jioni saa moja, kila siku, mi nilikunywa karibu mwaka na nusu kwa sababu kila tukipunguza kinywa kinachafuka. Inafanya kazi, siikatai. Ila hakuna aliyeniambia kwamba fizi zitavimba mpaka meno yaonekane mafupi, wala kwamba nitaota ndevu. Ndevu kabisa, laini nyeusi, mashavuni mpaka karibu na masikio, na nyusi zikakutana katikati. Presha ikapanda. Na mikono ikawa inatetemeka, mtu kwako labda ni kitu kidogo, kwangu mi nakata kitambaa kwa macho, doti nzima mkasi unaenda bila kalamu, sasa nikishika mkasi mstari unaenda kama njia ya mlevi. Nikaharibu pisi mbili za wateja nikamwachia binti wa dukani. Siku nilipojaribu tena, dozi ikiwa imeshashuka, nikakata yadi sita zimenyooka, nilimuita jirani wa duka la mashuka aje aone.

Balungi usile ukiwa kwenye hii dawa. Balungi linafanya dawa ibaki nyingi kwenye damu mpaka figo zinaumia, na mama alikua ananikamulia kila asubuhi kwa mapenzi yake kwa sababu linasafisha damu, ndivyo alivyoambiwa na mtu. Wiki mbili hizo. Tuligundua kwa sababu krietinini ya figo ilipanda na nesi wa kliniki akauliza swali moja tu, "unakunywa juisi gani".

Na kuna hili la maabara moja binafsi, nyota sifuri, simtaji. Kipimo cha kiwango cha saiklosporini kinachukuliwa asubuhi KABLA hujameza, masaa kumi na mbili toka dozi ya jioni. Mi nilikua sijui, mapokezi wakaniambia njoo muda wowote, nikameza saa moja nikatolewa damu saa tatu, yaani pale dawa imepanda kileleni. Jibu likaja zaidi ya 900 wakati nilitakiwa niwe kati ya 150 na 250. Nikamtumia picha dokta wa Chennai kwa simu, naye kwa haki kabisa akasema kata nusu. Nikakata. Siku kumi na mbili baadae viganja vikawa vyekundu vinawasha, mdomoni kama nimekula moto, tumbo likaharibika. Kile kilichokua kimelala kikaamka, GVHD, yaani mgeni kumpiga mwenye nyumba, ameona mlango uko wazi. Nikawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, miezi minne, uso ukawa duara kama sinia. Yote hayo kwa sababu ya kidonge cha saa moja. Kwa hiyo andika mkononi kwa kalamu ukiweza, damu kwanza dawa baadae, na ukienda beba kapsuli kwenye pochi umeze ukishatolewa.

Mdomo wangu mpaka leo haujarudi wote. Ndani ya mashavu kuna mistari myeupe kama utando wa buibui, sio saratani wameangalia, ni GVHD ya muda mrefu ile nyepesi. Pilipili basi. Achari ya embe basi. Hata dawa ya meno ya minti inaniunguza natumia ya watoto yenye ladha ya stroberi. Macho makavu, yana mchanga asubuhi, natembea na matone kwenye sidiria. Jua nalo, wakasema nifunike ngozi maana jua linaweza kuamsha GVHD ya ngozi, nami sasa Kariakoo natembea na mwamvuli saa saba mchana, wapiga debe wananiita malkia.

Sasa mkanda wa jeshi. Mwezi wa 16 waliniachisha ile dawa ya kuzuia virusi vya tetekuwanga, wiki ya tano nikapata malengelenge upande mmoja wa mbavu kuanzia mgongoni mpaka chini ya ziwa, maumivu ya kuchomwa na pasi. Wenzangu mnajua mtaani mkanda wa jeshi unasomekaje. Mtu aliyekonda, aliyevaa barakoa, anayemeza Septrini kila siku, anaenda hospitali kila mwezi, alaf ana mkanda wa jeshi. Walishamaliza kunihukumu kabla sijafika kituo cha daladala. Mteja wangu wa miaka saba akawa anamtuma mtoto kuchukua mzigo. Mi nilichofanya, nikachukua karatasi ya majibu nikaipiga laminesheni nikaiweka droo ya pesa, nikadhani nitaionyesha, sijawahi kuionyesha kwa mtu hata mmoja, ipo tu chini ya noti. Kiafya lakini ni kwamba ukiona malengelenge ya upande mmoja kimbia siku hiyo hiyo, nilichelewa siku tatu na maumivu yakabaki miezi.

Chanjo ni kichekesho. Ukipandikizwa kinga zote ulizopewa utotoni zinafifia, unaanza upya kama mtoto, zile za kawaida kuanzia kati ya miezi sita na mwaka, na zile za virusi hai kama surua zinangoja angalau miaka miwili tena uwe umeacha dawa za kushusha kinga na GVHD imetulia. Basi mwezi wa 12 niko kwenye benchi la kliniki ya watoto, wamama pande zote wananyonyesha, mi nimeshika daftari. Nesi anaita namba yangu, anachungulia mapajani kwangu, "mtoto yuko wapi dada?" Nikamwambia mtoto ndo mimi. Benchi zima kimya, alaf bibi mmoja akasema haya mtoto, usilie sindano. Kadi yangu ya njano ya zamani ilikua inaonyesha nimechanjwa homa ya manjano maisha yote, kadi haijasahau ila mwili umesahau, na chanjo hiyo ni ya virusi hai sipewi kwa sasa. Nilitakiwa harusini Kampala, Uganda kadi wanaitaka, kadi ningewaonyesha na wangepokea, ila dokta akaniuliza kadi itamzuia mbu? Nikatuma mchango.

Lakini kitu nilichokua sikitegemei kabisa ni madini ya chuma. Kabla na wakati wa matibabu niliongezewa chupa 32 za damu. Kila chupa inakuja na miligramu 200 mpaka 250 za chuma na mwili hauna mlango wa kukitoa, kinajilundika kwenye ini na moyo. Fanya hesabu mwenyewe, ni zaidi ya gramu 6, wakati mtu mzima mwili mzima una gramu tatu mpaka nne tu. Feritini yangu, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilisoma 3,800. Dawa yake? Kwa ambaye uloto umeshashika vizuri, anatolewa damu. Unakaa kwenye kiti, wanatoa chupa nzima, wanaitupa. Mama alinisindikiza siku ya kwanza. Huyu ni mwanamke aliyepiga magoti kwa watu asiowajua pale geti la hospitali akiomba wachangie damu ya mwanae, aliyepika pilau la vijana wa chuo kumi na moja ili waende wakatoe, sasa anaangalia nesi anabeba chupa imejaa, nyekundu nzuri, anaiweka kwenye ndoo ya taka. Alisimama. Akamuuliza nesi "hiyo mnampelekea nani?" Akaambiwa hairuhusiwi kumpa mtu. Akaenda kukaa nje juani mpaka nilipomaliza na njia nzima hakuniongelesha.

Mambo mazuri nayo niyaseme isije ikaonekana nalalamika. Siku zangu zilikatika miezi tisa nikajua ndo basi, zikarudi, za siku nne, za kawaida, nikalia chooni. Waliniambia mapema dawa ile ya kufyeka inaweza kugusa uzazi ingawa kwa wanawake vijana wenye ugonjwa huu na ambao hawakupigwa mionzi wengi hedhi inarudi, ila kama una mchumba na una uwezo ulizia kuhifadhi mayai kabla, wakala hatakuambia. Kundi la damu limebadilika, nilikua B sasa ni O kama kaka. Na kipimo cha kuangalia damu ni ya nani kinasema asilimia 98 ni ya kaka, yaani kwa damu mi ni mwanaume, anatamba kwenye kila msiba. Plateleti mara ya mwisho 212,000. Kwa mtu wa chini ya miaka 40 mwenye ndugu anayelingana kabisa, kwenye hospitali zenye uzoefu zaidi ya wanane kati ya kumi wako hai baada ya miaka mitano, na hiyo ndo namba niliyokua naisoma usiku Chennai kwenye simu mpaka betri inaisha.

Kliniki ya damu ya hapa nyumbani nyota tano, foleni na yote. Unafika saa kumi na mbili asubuhi unaonwa saa nane, sawa. Lakini kuna nesi mmoja pale, mtu mzima, ana daftari la kaunta lenye mistari aliyopiga kwa rula, kila mgonjwa wa uloto ana kurasa zake, tarehe, FBP, figo, ini, presha, feritini, uzito, na safu ya mwisho ameandika "mengineyo". Ni yeye aliyeuliza juisi. Ni yeye aliyenipangia ya kila mwaka, tezi, sukari, macho, meno, mifupa kwa sababu ya zile prednisoloni, mlango wa kizazi, na ngozi. Kile ambacho karatasi ya kurasa sita haikua nacho kiko kwenye safu ya mengineyo.

Niongelee na wale wasio na ndugu anayelingana, maana nilikutana na mzee wa Mwanza kwenye nyumba ya wageni tukawa tunapika jiko moja. Yeye alipewa ATG, dawa ya kuwatuliza wale askari, na saiklosporini na vidonge vya eltrombopagi vya kuamsha uloto utengeneze damu. Hii haina siku mia moja wala haina mfuko, na subira yake ni nyingine kabisa. ATG inatengenezwa kwa kutumia farasi au sungura, na uliza ni ipi, nasema uliza kweli, maana utafiti wa Marekani wa 2011 ulionyesha baada ya miezi sita waliopewa ya farasi 68 kati ya 100 damu iliitika na wa sungura 37. Kuitika kwenyewe kunachukua miezi mitatu mpaka sita, katikati hapo unaendelea kuongezewa damu na unaona kama hela imepotea. Mzee mwezi wa pili alishafunga begi anasema dawa imegoma, mwezi wa tano plateleti zikaanza kupanda zenyewe. Ila hata ikiitika uloto ni ule ule wa zamani, umetulizwa tu. Karibu theluthi moja ugonjwa unarudi, mara nyingi wakiharakisha kupunguza saiklosporini, na wachache baada ya miaka chembe zinaweza kubadilika kuwa ugonjwa mwingine wa damu, kwa hiyo FBP ni ya maisha. Mzee sasa hivi damu 10 plateleti 64,000, haongezewi kitu, analima nyanya. Kwenye karatasi hiyo inaitwa kuitika nusu. Ukimuuliza yeye anakuambia amepona, na mi sijaona sababu ya kubishana na mtu mwenye nyanya.

Kama unapanga kwenda sasa hivi, kwanza ulizia nyumbani. Mambo yamesogea, Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwishoni mwa 2021 na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakaanza na watoto wa selimundu 2023, kwa ugonjwa wako wenyewe waulize wao moja kwa moja wanafikia wapi. Ukienda nje, kabla hujalipa hata mia, mwambie anayekuuzia akuandikie nani atakuona mwezi wa sita, mwezi wa 12 na mwaka wa tatu, saiklosporini utanunua wapi na kipimo chake kinafanyika wapi na saa ngapi. Tenga hela ya mwaka wa pili pembeni, sisi tuliimaliza yote Chennai tukarudi tunakopa ya vipimo. Na muombe dokta wa huko aandike barua kwa dokta wa huku, jina la mtu, sio "anayehusika".

Jumla ya huduma nzima nimeipa nne. Ningerudia? Ndio, kesho, na kiwanja kingine kama kingekuwepo. Ila wakala ningempita mlangoni.

Feritini imeshuka mpaka 870, wanataka ifike chini ya 500. Alhamisi naenda kutolewa chupa ya kumi na nne. Mama kasema yeye haji, atabaki kupika.